Hiari ya Baharia wa Mafia

Katika masimulizi mengi ya vyombo vya mwambao, nahodha ndiye anayesifiwa kwa ustadi wa kuchagua watu wake, naye husawiriwa ameketi tezini, akiwapima kwa jicho vijana wanaokuja kuomba safari. Lakini katika Mafia, ambako kwa karne nyingi mtu hakuweza kuingia wala kutoka ila kwa kuvuka maji, uchaguzi huo ulikuwa wa pande mbili, na upande wa baharia, ambao haukuandikwa katika daftari lolote la forodha, ndio uliokuwa ukaguzi wa kwanza wa chombo na wa mwenye kukiongoza, na kwa muda mrefu ukaguzi wa pekee.

Sababu yake ni maumbile ya mahali penyewe. Upande wa magharibi, baina ya kisiwa na delta ya Rufiji, bahari ina kina haba, imejaa mafungu ya mchanga na miamba ya matumbawe, na ule mto mkubwa, unaposhusha matope yake wakati wa masika, huyabadili mafungu hayo hata aliyepita mwaka jana akalazimika kujifunza upya; upande wa mashariki, mlango wa Kinasi unaoingilia ghuba ya Chole hupitisha maji kwa nguvu yanapojaa na yanapokupwa, na chombo kilichokosea saa hurudishwa nyuma ilhali tanga lake limejaa upepo. Wajerumani, walioipata Mafia mwaka 1890 pamoja na mwambao wa bara, waliweka makao yao kwanza Chole, na mwaka 1913 wakayahamishia Kilindoni ili meli zao za moshi zipate pa kutia nanga. Ama majahazi na mashua, hayo yaliendelea kukaa mchangani maji yakipwa kama ilivyokuwa desturi yake, na hapo ndipo baharia alipopata nafasi.

Maana chombo kikilala ubavu, kila kilichositiriwa na bahari huwa dhahiri. Kijana mwenye nia ya kusafiri, asiyekuwa na haraka ya kusema neno, aliweza kupita kama mtu anayetafuta kaa, akautazama mkuku kama umenyooka, akatazama viungo vya mbao kama kalafati ya pamba imeshika au imelegea, akatazama misumari kama inatoa kutu, akagusa kwa kidole deheni, ile chokaa iliyochanganywa na mafuta ambayo hupakwa chini ya chombo ili kuwazuia wadudu wa baharini wanaotoboa mbao. Deheni iliyopakwa jana ilimtia shaka mwenye akili, kwa kuwa yaweza kuwa ni ithibati ya mwenye chombo mwangalifu, na yaweza pia kuwa ni pazia. Na anayetaka kuyapambanua hayo mawili sharti apande ndani, ainue mbao za sakafu, achungulie ngamani. Hakuna jahazi lisilovuja. Swali ni kiasi, na jibu lake lilikuwa kwa yule mvulana wa upo, ambaye viganja vyake vilisema kweli kuliko ulimi wa tajiri wake. Zikafuata dasi za tanga. Na henza, kama imeungwa mahali. Na foromali, kama ina ufa uliozungushiwa kamba. Na nanga, kama ni moja au zaidi, na amari yake ina urefu gani, maana usiku wa kusi katika mkondo ule hakuna kitu kingine kitakachowazuia watu wasitupwe mwambani.

Watu wa Jibondo walikuwa na fadhila katika elimu hii. Kisiwa chao, chenye uhaba wa maji matamu hata watu wake wakazoea kuyaleta kwa mashua kutoka kisiwa kikubwa, kimeishi kwa uvuvi wa papa na kwa kuunda vyombo, na fundi wa Jibondo huunda jahazi kwa tezo na kwa jicho pasi na mchoro wowote. Aliyekulia penye mataruma yanayosimamishwa hakuhitaji kuambiwa ubao upi umebadilishwa na upi umetiwa rangi tu.

Nahodha, yeye halali ubavu maji yakipwa, na kumkagua kulitaka njia nyingine. Kumuuliza mwenyewe ni kazi bure, kwa kuwa sijapata kusikia nahodha akijishuhudia kuwa mzembe. Huulizwa walioachana naye, na zaidi ya wote mpishi, ambaye anajua kama maji ya kunywa yalitosha na kama wali wa tezini ulikuwa ndio ule ule wa omoni. Huulizwa kama katika siku za tanga mbili, upepo usipokuwa na msimamo, bwana huyu hungoja au hutoka. Kama sarahangi wake ni wa miaka mingi au hubadilika kila msimu. Na kama mgawanyo wake una ugomvi. Swali hili la mwisho lilikuwa zito kuliko lionekanavyo. Katika vyombo vingi vya mwambao malipo hayakuwa mshahara bali mafungu: nauli ikishapatikana na masurufu yakishatolewa, chombo kilipata fungu lake, ambalo ni la mwenye mali, na kilichosalia wakagawana watu, nahodha akizidishiwa. Kwa hiyo baharia alikuwa mshirika, na maswali yake yalikuwa ya mshirika anayetaka kujua anaungana na nani. Lakini ushirika huo huo ulimtia majaribuni, maana shehena ya mbata, ng'onda na majamvi ikizidi, nauli huzidi, na fungu lake pia. Na nadhani vyombo vingi vilivyozama kwa uzito vilizama kwa ridhaa ya watu wote waliokuwamo.

Wazee hupenda kusema kwamba mchagua nazi hupata koroma, na katika kisiwa cha minazi kama Mafia mithali hiyo ina nguvu. Walakini naiona inafaa mashambani kuliko pwani, na hasa haimfai kijana aliyejitolea kusafiri kwa chakula tu, ili ajifunze kazi. Huyu hana fungu la kutarajia. Faida yake yote ni ilimu ya nahodha, na akipanda kwa nahodha asiyejua kitu hurejea mikono mitupu, ikiwa atarejea.

Lakini ukaguzi wowote hauna maana ila kwa mtu anayeweza kusema hapana, na si kila aliyepanda chombo alikuwa na uwezo huo. Katika karne ya 19 mabaharia wengi wa mwambao walikuwa watumwa waliokodishwa na mabwana zao, ujira wao ukiwafikia mabwana kwanza; mtu wa namna hiyo aliweza kuona ufa katika foromali sawasawa na muungwana, ila kuuona hakukumfaa kitu, kwa kuwa aliyemweka chomboni alikuwa ameketi nyumbani. Utumwa ulifutwa kisheria katika Tanganyika mwaka 1922, na Mafia ikiwamo.

Deni lilibaki. Msimu wa 1938 na 1939 Alan Villiers, nahodha kutoka Australia aliyekwisha kuizunguka dunia kwa merikebu yake ya matanga, Joseph Conrad, alitaka kujua usafiri wa Waarabu, na hata bingwa kama huyo hakuanza na chombo kikubwa: alijaribu kwanza chombo kidogo katika Bahari ya Shamu, ndipo huko Aden akaingia katika bumu la Kuwait la nahodha Ali bin Nasr al-Najdi, wakateremka na kaskazi hadi Unguja na hatimaye delta ya Rufiji, ng'ambo ya Mafia, kupakia boriti. Katika kitabu chake, Sons of Sindbad, kilichotoka mwaka 1940, ameeleza jinsi mabaharia wa Kuwait walivyokopeshwa kabla ya safari, wakawa na deni kwa nahodha, naye nahodha akawa na deni kwa tajiri, hata msimu mmoja ukafungwa na mwingine bila mtu kuwa huru kuhama. Villiers alichagua nahodha wake, akachagua vema. Mabaharia waliovuta henza mbele yake walikuwa wamechaguliwa na hesabu ya mwaka uliotangulia.

Siku hizi kuna Shirika la Uwakala wa Meli, TASAC, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2017, na vyombo hupimwa na kupewa vyeti. Abiria wanaovuka baina ya Nyamisati ya bara na Kilindoni huvaa maboya. Na kimbunga Hidaya kilipoifikia Mafia tarehe 4 Mei 2024, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa imekwisha kutangaza mapema, jambo ambalo watu wa Unguja hawakulipata Aprili 1872, tufani ilipozivunja merikebu za Sayyid Barghash bandarini. Hayo ni maendeleo, wala siyadharau. Ila cheti hushuhudia mbao na mashine, na tangazo humfikia nahodha mwema na mbaya kwa pamoja. Kama akiambiwa asitoke hatatoka, hata kama shehena imekwisha kupakiwa na tajiri anapiga simu, hilo bado wanalijua waliosafiri naye, na baharia mwenye akili huwatafuta hao kabla hajatia mguu majini.