Mashine ya kilo 360 na mlango wa universite



Leo tuzungumzie historia ya mbali, ya Marekani, lakini mtaona inafika mpaka mu oditwari zetu. Kila mwaka masomo yanapofunguliwa tunasikia maneno yaleyale: wanafunzi wenye ulemavu wasaidiwe. Sawa, lakini wasaidiwe namna gani, na nani? Wengi wetu tukisikia «kusaidia» tunawaza mfuko wa unga ao kiti cha magurudumu kinachotolewa mbele ya kamera. Historia ya Universite ya Berkeley, mu California, inatuonyesha kitu kingine. Kule msaada ulikuwa kazi iliyopangwa, yenye ofisi na bajeti, na walioipanga ni wanafunzi wenyewe wenye ulemavu.

Tuanze na kijana mumoja, Ed Roberts, aliyezaliwa mwaka 1939. Mu 1953, akiwa na miaka 14, alishikwa na polio. Mwili ulilemaa kuanzia shingoni, akabakia na nguvu kidogo tu mu vidole vichache. Hata kupumua kulikuwa shida. Usiku alilala ndani ya mashine kubwa ya kupumulia, watu waliiita pafu la chuma, yenye uzito wa karibu kilo 360. Mchana alijifunza kumeza hewa kidogo kidogo ili atoke nje ya mashine kwa saa kadhaa.

Masomo ya sekondari aliyafwata kwa simu akiwa nyumbani. Kufika mwisho, shule ikakatala kumupa diploma. Juu ya nini? Juu hakufanya jimnastiki wala somo la kuendesha gari! Mama yake, Zona, hakukubali, akapigana mpaka diploma ikatoka. Kisha kijana akapita kwenye koleji ndogo ya San Mateo, na mushauri wake pale, Jean Wirth, akamusukuma aende Berkeley.

Hapo akakutana na milango miwili iliyofungwa. Wa kwanza ni ofisi ya jimbo yenye kulipia masomo ya watu wenye ulemavu. Walisema huyu hataweza kufanya kazi hata siku moja, basi kumulipia ni kupoteza pesa. Habari ikaingia mu magazeti, ofisi ikapata haya, ikalipa. Mlango wa pili ulikuwa universite yenyewe. Atalala wapi? Sakafu za homu za wanafunzi hazikuweza kubeba ile mashine. Muganga mukubwa wa wanafunzi, Henry Bruyn, ndiye aliyepata njia: akae mu Cowell, hospitali ya kampasi. Roberts akakubali, lakini kwa sharti moja: pale pahesabiwe kama homu yake, yeye asihesabiwe mugonjwa. Ilikuwa 1962, mwaka uleule James Meredith alipoingia Universite ya Mississippi kama mwanafunzi mweusi wa kwanza kujulikana pale.

Angalieni hapa, juu ndipo wengi wetu tunasimamisha hadithi. Tunasema: kijana shujaa ameingia, tupige makofi. Lakini Berkeley ilikuwa tayari na mutu mwenye ulemavu aliyefaulu sana. Jacobus tenBroek, kipofu, alisoma palepale, akawa profesa palepale, na mu 1940 alianzisha shirikisho la vipofu la Marekani. Pamoja na hiyo, mu 1962 homu hazikuwa tayari kwa Roberts. Mutu mumoja akipita kwa nguvu zake, mlango unaweza kujifunga tena nyuma yake.

Kilichobadilisha mambo ni kwamba wengine walimufwata. Mu 1963 akaja John Hessler, na mwishoni mwa miaka ya 1960 walikuwa karibu 12 mu Cowell. Usiku walikaa wakizungumza, na kidogo kidogo kila mumoja akagundua kwamba shida aliyoiona kuwa ya mwili wake ni shida ya ngazi, ya barabara, ya ofisi. Mu 1969 mushauri wa ile ofisi ya jimbo akataka kuwafukuza wanafunzi wawili akisema masomo yao hayaendi vizuri. Wenzao wote wakasimama pamoja, na wale wawili wakabakia. Hapo wakajua nguvu yao.

Mu 1970, kwa pesa za serikali kuu, wakafungua ofisi yao kwenye universite, Hessler akiwa kiongozi wa kwanza. Na kazi zake hazikuwa za maajabu. Walitunza liste ya watu wa kulipwa wenye kumuvalisha mwanafunzi, kumulisha na kumuamusha asubuhi. Mwanafunzi mwenyewe ndiye alimuchagua na kumuelekeza. Walitafuta nyumba zisizo na ngazi. Walihudumia vipofu. Na walikuwa na garaji ya kutengeneza viti vya magurudumu. Wengine watacheka: garaji mu universite? Lakini kiti chako kikiharibika Jumatatu, na fundi anakuambia rudi kisha wiki tatu, hizo wiki tatu ni ma-intero na pratiki umekosa. Wale waliweka garaji juu walijua shida kwa kuiishi, hawakuisoma mu raporo.

Watu wa mji wasio wanafunzi nao wakaanza kuja kuomba msaada uleule, ndipo mu 1972 kikazaliwa kituo kingine nje ya kampasi. Mwaka 1973 nchi ikapata sheria iliyokataza shule na ofisi zenye kupokea pesa za serikali kuu kubagua watu wenye ulemavu. Lakini sheria ilikaa bila amri ya kuitekeleza mpaka Aprili 1977, kisha zaidi ya watu 100 kukaa ndani ya jengo la serikali mu San Francisco karibu wiki 4. Na Roberts? Mu 1975 gavana alimuweka mukubwa wa ile ofisi ya jimbo iliyosema hataweza kufanya kazi.

Sasa turudi kwetu. Congo haikosi maandishi. Katiba ya 2006, kifungu cha 49, inataja haki za mutu mwenye ulemavu. Mu 2015 nchi iliingia mu mkataba wa Umoja wa Mataifa, na tarehe 3 Mei 2022 ikatoka sheria ya kulinda na kukuza haki zao. Tuko, kwa kusema ukweli, mahali Wamarekani walikuwa kati ya 1973 na 1977: sheria iko, oditwari bado iko kwenye etaji.

Mimi ni mutu wa agronomia. Mu promosheni yetu tulikuwa na mwenzetu wa magongo. Aliacha mwaka wa pili. Watu walisema, «huyu atapanda milima namna gani?» Kana kwamba agronomia yote ni kupanda milima! Kupima udongo mu laboratwari, kuchagua mbegu, kuchora ramani, kuhesabu mavuno: hizo kazi zinataka kichwa na meza yenye urefu unaofaa. Inchi ilipoteza agronomi juu ya ngazi.

Hatuna pesa za Berkeley, najua. Lakini mambo mengine hayaombi pesa nyingi. Aparitorati imuulize kila mwanafunzi anapojiandikisha: unahitaji nini ili ufwate masomo? Promosheni yenye mwenzao wa kiti ipewe oditwari ya chini. Profesa atoe silabusi kwa faili, ili kipofu aisikilize kwa simu yake. Saa ya mtihani iongezwe kwa anayeandika polepole. Mukalimani wa lugha ya alama, huyo analipwa, basi aingie mu bajeti sawa vile mulinzi na umeme vinaingia.

Na mbele ya yote, wanafunzi wenye ulemavu wakae kwenye meza inapopangwa hiyo kazi. Wao wanajua garaji inahitajika wapi.

Wewe, kwenye fakultati uliyomaliza, nani aliacha juu ya ngazi? Tuandikieni hapa chini, bila kutaja majina ya wenzetu, tukusanye tupeleke kwa wakubwa wa universite.