Kimelea cha malale na jeni iliyozimwa

Ukipanda kutoka Baraka, mashariki mwa Kongo, hadi Fizi, ukashuka Lulimba na kushika magharibi, utafika Kabambare, kisha Kasongo. Huko Kasongo alifia Joseph Everett Dutton, daktari wa Liverpool, Februari 1905, akiwa na miaka 30. Ndiye aliyekipa jina Trypanosoma gambiense, kimelea cha malale kinachoenezwa na mbung'o. Lakini aliuawa na homa ya kupe aliyokuwa akiichunguza.

Miaka 90 baadaye, malale yakishaingia kichwani, tegemeo lilikuwa bado melarsoprol, dawa ya 1949 yenye arseniki. Iliua takriban mgonjwa mmoja kati ya 20. Wengine haikuwaponya, na hakuna aliyejua kwa hakika sababu.

Ndipo ukaja 1998. Agosti vita vilizuka upya, na watu wa Fizi wakavuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma. Mwaka huo Kongo iliandikisha wagonjwa wa malale zaidi ya 26,000, yaani wale tu waliofikiwa na wapimaji. Mwaka huohuo Andrew Fire na Craig Mello walionyesha kwa minyoo kwamba RNA ya nyuzi mbili huzima jeni inayofanana nayo. Desemba, Elisabetta Ullu na wenzake wa Yale wakapata jambo hilo kwa kimelea cha malale. Kimelea huikata RNA hiyo vipandevipande, navyo huongoza uharibifu wa ujumbe wa jeni, hata protini isitengenezwe. Walipozima tubulini, inayokipa umbo, kimelea kikavimba kama mpira. Nobeli ya 2006 ilikwenda kwa Fire na Mello. Kimelea chetu hakikupewa hata makofi.

Kazi niipendayo zaidi ni ya David Horn na wenzake, London, 2012. Walizima jeni karibu zote, kila kimelea na yake, kisha wakavimwagia dawa. Vilivyonusurika vilifichua mlango: melarsoprol na pentamidini huingia kupitia AQP2, protini ya mfereji wa utando. Mwaka uliofuata, vimelea vya wagonjwa wa Mbuji-Mayi waliougua tena baada ya tiba vilionekana kuwa na jeni ya AQP2 iliyoharibika.

Fexinidazole, vidonge vya malale vilivyoidhinishwa Kongo mwishoni mwa 2018, havikutokana na utafiti huu wa RNA. Ni kemikali ya miaka ya 1970 iliyoachwa kabatini, ikafufuliwa na shirika la utafiti wa dawa la DNDi.