Sauti yenye changarawe: Tom Waits na kesi ya chipsi za mahindi

Wandugu, kama bado haujamsikiliza Tom Waits, nakupa shauri moja: fuata miaka. Usianzie kwa wimbo ule intaneti inakutupia wa kwanza. Miye nilifuata miaka, albamu moja kwa juma, kadiri mega zilivyoruhusu, na nikasikia kitu ambacho wimbo mmoja hauwezi kukuonyesha: mtu anajitengenezea sauti, mwaka kwa mwaka.

Alizaliwa 1949 kule Pomona, California. Albamu yake ya kwanza, Closing Time, ilitoka 1973. Ndani iko piano, gitare, na kijana wa miaka 23 anayeimba karibu laini. Mkwaruzo uko, lakini kidogo. Redio yoyote ya wakati ule ingeweza kumpitisha bila shida. Sasa ruka hadi Small Change, 1976. Miaka 3 tu. Utasema ni mtu mwingine! Sauti imeshuka, imekauka, sawa lori lenye mzigo linapanda mlima juu ya changarawe. Wengi walimlinganisha na Louis Armstrong, yule yule aliyekuja kupiga tarumbeta Léopoldville mwaka 1960.

Watu wanapenda kusema ni sigara na pombe. Sawa, alivuta na alikunywa. Lakini kwetu wangapi wanavuta na kunywa kila siku, na hakuna hata albamu moja imetoka pale? Tena, hata kwenye albamu za nyuma, akitaka anaimba kwa sauti ya juu, nyembamba. Ile changarawe ni chombo. Anakichukua, anakiweka chini.

Mwaka 1980 alioa Kathleen Brennan, ambaye akawa mwandishi mwenzake wa nyimbo. Kisha ikaja Swordfishtrombones, 1983, na hapa njo mahali ningependa ukae muda. Alikuwa ameacha kampuni yake ya zamani, Asylum, akaenda Island ya Chris Blackwell, nyumba ile ile iliyotoa albamu za Bob Marley. Albamu hiyo aliisimamia yeye mwenyewe kwenye studio. Piano inarudi nyuma, na mbele vinakuja vyuma vya kugongwa, ngoma nzito, kinanda cha upepo, na marimba. Neno marimba ni letu, wandugu, linatoka kwa lugha za Kibantu. Lilivuka bahari pamoja na watumwa, likaota mizizi Amerika ya Kati, na mwaka 1983 linasikika nyuma ya Mmarekani mweupe anayenguruma. Rain Dogs ya 1985 inaendelea njia hiyo, na gitare la Marc Ribot linaingia. Kama uko na mega za albamu moja tu, chukua hiyo.

Sasa kesi. Kwenye Small Change kuna wimbo Step Right Up. Waits anaigiza mchuuzi wa barabarani anayesifia kitu kinachoweza kufanya kila kazi. Ni kucheka matangazo ya biashara, na yeye mwenyewe alikuwa akisema wazi kwamba mwanamuziki hapaswi kuuza sauti yake kwa matangazo. Mwaka 1988 kampuni Frito-Lay ilikuwa inatafuta tangazo la chipsi mpya za mahindi, Doritos zenye ladha ya salsa. (Wenzangu wa agronomia, mnaona mahindi yanafika wapi.) Wakala wao wa matangazo walichukua mtindo wa wimbo ule ule, wakatafuta mwimbaji anayeweza kumuiga Waits. Huyo mwimbaji aliwaambia mapema kwamba Waits hapendi matangazo. Mwanasheria wao pia aliwaonya. Walikuwa hata na toleo lingine, lenye sauti nyingine, tayari. Wakachagua lile la kuiga. Likapita kwenye redio zaidi ya 250.

Waits alilisikia akiwa mgeni kwenye kipindi cha redio Los Angeles. Akaenda mahakamani.

Utetezi wa kampuni haukuwa wa kijinga. Walisema: hatukuiba rekodi yake, tulifuata mtindo tu, na mtindo hauna mwenyewe. Kwa upande wa mtindo walikuwa na haki; kama mtindo ungekuwa mali ya mtu, nani angepiga rumba leo? Lakini mahakama ilitenganisha mtindo na sauti. Mtindo ni wa wote. Sauti ambayo watu wanaitambua haraka kuwa ya fulani, ukiiiga kwa makusudi ili uuze kitu, umechukua kitu cha mtu. Njia ilikuwa imefunguliwa 1988, Bette Midler aliposhinda kampuni Ford kwa jambo la namna hiyo. Baraza la wananchi lilisikiliza rekodi za Waits, likasikiliza tangazo, na 1990 likampa dola 375,000 za fidia, na milioni 2 za kuadhibu. Mwaka 1992 mahakama ya rufaa iliacha hizo zisimame, ikafuta tu dola 100,000 nyingine juu zilikuwa zinalipa jambo lile lile mara mbili. Baadaye Hispania, kesi juu ya tangazo la gari Audi, alishinda tena.

Kwangu uzito uko hapa: kile majaji walilinda hakikuwa koo alilozaliwa nalo. Sauti ya 1973 isingeshinda kesi ile. Ni ile aliyoijenga baadaye.

Leo hakuna haja ya kutafuta mwigaji. Programu inapewa dakika chache za rekodi, inakutolea sauti ya mtu akisema chochote. Tangazo la namna ile linatengenezwa kwa simu, ndani ya chumba cha mwanafunzi. Na hukumu ya 1992 ilihusu mwimbaji wa kazi, mwenye sauti inayojulikana sana. Mtangazaji wa redio ya jamii, dada anayeongoza korali, mama anayeita wateja sokoni kwa megafoni na mtaa mzima unamjua mbele ya kumuona: hao hawamo ndani yake.