Watoto Waliozuiliwa Mlangoni



Wengi wetu hupita kila siku mbele ya shule ya serikali ambayo ubao wake una jina la kanisa. Mtoto akituuliza, "Shule hii ni ya nani?" tutamjibuje? Jibu lake lina sehemu ya kutuaibisha.

Hapa Kenya shule iliitangulia serikali. Krapf na Rebmann waliweka kituo chao Rabai, karibu na Mombasa, mwaka 1846, lakini idara ya elimu ya serikali ya kikoloni haikuwako mpaka 1911. Katika nchi ya Wakikuyu Mkristo aliitwa muthomi, yaani msomaji. Ubatizo na kusoma vilikwenda pamoja, na aliyetaka kujua herufi alipita kwa mmishenari, kwa kuwa karibu hapakuwa na mlango mwingine.

Mwenye mlango huweza kuufunga. Mwaka 1929 misheni kadha za Kiprotestanti, wakiwamo ndugu wa Scotland na wa Africa Inland Mission, ziliwataka waumini watie sahihi au dole gumba kuikana tohara ya wasichana. Sisi twaamini kwamba desturi ile huwaumiza wasichana, na tangu 2011 iko sheria kamili ya kuipiga marufuku. Lakini adhabu ya 1929 ilimwangukia nani? Walimu waliokataa walipoteza kazi, na watoto wa wazazi waliokataa walizuiliwa kuingia darasani. Someni Marko 10, mahali wanafunzi walipowazuia watoto, mkaone Bwana alikasirika juu ya nani.

Wazazi wale hawakukaa kulia. Walichanga fedha, wakajenga shule zao wenyewe, na katika miaka ya 1930 wakaunda vyama viwili vya kuzisimamia. Mwaka 1939 walifungua chuo cha walimu Githunguri chini ya Mbiyu Koinange, aliyekuwa amesoma Marekani. Na tusisahau kwamba wengi wao walibaki Wakristo, wakaanzisha makanisa yao. Walichokataa ni kutawaliwa na misheni. Hali ya Hatari ilipotangazwa mwaka 1952, serikali ya kikoloni ilikifunga chuo kile na nyingi za shule zile.

Majengo yalifungwa, lakini dai lao halikufungwa: kwamba mtoto asome bila kuulizwa imani ya baba yake. Baada ya uhuru iliundwa Tume ya Ominde, kisha ikaja Sheria ya Elimu ya 1968. Shule zetu zikawa za umma, nasi tukaachiwa jina la mfadhili. Sheria hiyo ilimruhusu mzazi kuomba mtoto wake asihudhurie ibada. Wako kati yetu walionung'unika kwamba tumenyang'anywa. Twadhani tuliponywa.

Karo ya madarasa manne ya kwanza iliondolewa mwaka 1974, na ya shule zote za msingi za umma mwaka 2003. Sheria ya 2013 bado yatuita wafadhili. Hata hivyo muhula ukianza twawaona watoto njiani, wamerudishwa nyumbani kwa ajili ya michango, na shule nyingine walizotoka zina jina la kanisa ubaoni. Enyi wazee wetu mnaoketi katika halmashauri za shule hizo, mmeuliza ni wangapi?