Kalendari ya Formula 1: nani anaipanga, na anafuata nini?

Mwanzo wa mwezi wa pili 2025, siku chache tu kisha muji wa Goma kuanguka mu mikono ya M23, waziri wa mambo ya inje wa Congo, Thérèse Kayikwamba Wagner, aliandika barua kwa Stefano Domenicali, mukubwa wa kampuni ya Formula 1. Alimuomba asimamishe mazungumuzo na Rwanda, inchi yenye ilitangaza tarehe 13 mwezi wa 12 2024 kwamba inataka kupokea shindano la magari hayo. Kinshasa inasema Kigali inasaidia M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliandika vile vile. Kigali inakatala.

Watu wengi walijiuliza: mambo ya vita inaingia wapi mu mbio za magari? Na juu ya nini kuandikia kampuni, wakati hakukuwa hata shindano moja lenye limepangwa Rwanda? Ili kuelewa, inafaa kuangalia namna kalendari inatengenezwa.

Formula 1 ni nini?

Ni shampiona ya dunia ya magari ya mbio, yenye ilianza mwaka wa 1950. Mwaka ule kulikuwa mashindano 7 tu. Mu 2024 na 2025 yalifika 24, kuanzia mwezi wa tatu mpaka mwezi wa kumi na mbili. Kila shindano linaitwa Grand Prix. Kwa kawaida linachukua siku tatu: siku ya Tano ni mazoezi, siku ya Posho wanatafuta nani ataanza mbele, na siku ya Mungu ndio mbio yenyewe.

Wenye kuamua ni nani?

Mikono ni mitatu.

Wa kwanza ni FIA, shirika la dunia la michezo ya magari, lenye makao yake Paris. FIA inaandika sheria, inachunguza usalama wa viwanja, na baraza lake ndilo linapiga kura ya mwisho ku kalendari.

Wa pili ni kampuni ya Formula 1, yenye tangu 2017 iko ya Liberty Media, kampuni ya Marekani. Hii njo inashika biashara: televisheni, matangazo, na kontra za kila Grand Prix. FIA iliipangisha haki hizo kwa miaka 100.

Wa tatu ni mwenyeji. Anaweza kuwa serikali, muji, ao mufanya biashara. Mwenyeji analipa kampuni ili mashindano yafike kwake, kisha anatafuta kurudisha feza yake mu tikiti, hoteli na jina la inchi yenye inaonekana ku televisheni za dunia. Las Vegas iko tofauti: tangu 2023, kampuni yenyewe njo inatayarisha mbio kule.

Kontra nyingi zinafanya miaka kadhaa. Njo maana, wakati kalendari inatangazwa, kazi kubwa imekwisha zamani. FIA inapiga kura juu ya majina yenye yalikwisha kuzungumuziwa, kutiwa sahihi na kulipiwa.

Tarehe zinachaguliwa namna gani?

Jambo la kwanza ni hali ya hewa. Mu mwezi wa kumi 2023, mbio za Qatar zilifanywa mu joto kali sana. Shoferi mumoja alitapika ndani ya kofia yake, mwingine akasimamisha gari mbele ya mwisho juu hakuweza tena. Mwaka uliofuata Qatar ilipelekwa tarehe 1 mwezi wa 12, wakati kule kunapoa kidogo.

La pili ni dini. Mwezi wa Ramadhani unasogea kila mwaka, na kalendari inausikiliza. Mu 2024, mbio za Saudi Arabia zilifanywa siku ya Posho, tarehe 9 mwezi wa tatu, juu mufungo ulikuwa karibu kuanza. Bahrain, yenye ilitangulia juma moja, nayo ikafanya siku ya Posho, kusudi kati ya mbio mbili kubakie siku saba. Mu 2025, mwezi mutukufu ulichukua karibu mwezi wa tatu wote. Kwa hiyo mwaka wa mashindano ulianzia Australia, na Bahrain na Saudi Arabia zikangojea mwezi wa ine.

La tatu ni mizigo. Timu moja inasafiri na magari mawili, injini, vyuma, kompyuta, na watu wengi. Mu Ulaya vitu vinapita ku barabara, mu kamiyo. Kwa safari za mbali, magari na injini vinapanda ndeke. Vitu vizito vyenye haviharibike, kama vile meza, vifaa vya jikoni na vya kujenga garaji, vinapelekwa na meli. Juu meli inakawia, timu zina seti kadhaa za vitu hivyo: wakati seti moja inatumika Japani, ingine iko mu bahari inakwenda mbele.

Ndio sababu mipango mipya inatafuta kukusanya inchi za upande mumoja. Mu 2024 Japani ilitolewa mu mwezi wa kenda na kupelekwa mwezi wa ine, karibu na mbio zingine za Asia. Kwa 2026, Kanada ilivutwa mpaka mwezi wa tano ili ifuate Miami, kusudi timu zisivuke tena Atlantiki kwenda na kurudi kwa Grand Prix moja tu. Formula 1 ilitoa ahadi mu 2019 kwamba moshi na hewa chafu yake itakuwa imesawazishwa mpaka sifuri mu 2030. Bila kupunguza safari, ahadi hiyo haiwezi kutimia.

La ine ni watu. Mafundi wenye kubeba na kufunga vitu ndio wanachoka zaidi. Mwisho wa 2024 walikuwa Las Vegas tarehe 23 mwezi wa 11, Qatar tarehe 1 mwezi wa 12, Abu Dhabi tarehe 8. Ni mbio tatu mufululizo, na kati ya Las Vegas na Qatar saa zinapishana 11. Kwa kuwapumuzisha, sheria inalazimisha kila timu kufunga kiwanda kwa majuma mawili wakati wa likizo ya mwezi wa nane.

Kalendari inaweza kuvunjika?

Ndiyo. Mu 2020, ugonjwa wa Covid ulifuta mwanzo wote wa mwaka. Kalendari ikaandikwa upya: mbio 17, kuanzia tarehe 5 mwezi wa saba kule Austria, na viwanja vingine vikapokea mbio mbili. Mu 2023, mbio za Imola, Italia, zilifutwa juu ya mafuriko.

Siasa pia inagusa. Mu 2011 mbio za Bahrain zilifutwa kwa sababu ya maandamano na fujo mu inchi. Mu 2022, kisha Urusi kushambulia Ukraine, mbio za Sochi ziliondolewa na kontra ya Urusi ikavunjwa. Zamani, mu 1985, timu mbili za Ufaransa, Renault na Ligier, zilikatala kwenda Afrika Kusini juu ya ubaguzi wa rangi. Mbio zenyewe zilifanywa, lakini kisha pale Formula 1 haikurudia kule mpaka 1992.

Na Afrika?

Moroko ilipokea mbio za shampiona mara moja tu, mu 1958. Afrika Kusini ilipokea mara ya mwisho mu 1993, ku kiwanja cha Kyalami. Tangu pale, hakuna. Lewis Hamilton, bingwa wa dunia mara saba, amesema mara nyingi kwamba anataka Formula 1 irudie Afrika.

Jirani yetu Kenya iko na shindano la dunia la aina ingine: Safari Rally, yenye ilirudia mu shampiona ya rally mu 2021, upande wa Naivasha. Kwanza ilifanywa mwezi wa sita. Mu 2024 ikarudishwa wakati wa Pasaka, kama zamani, wakati mvua inaweza kugeuza vumbi kuwa matope. Kubadilisha tarehe tu kunabadilisha mbio yenyewe.

Kwa nini barua iliandikwa mapema?

Mifano yote inaonyesha jambo moja. Kisha kontra kutiwa sahihi, kutoa inchi ku kalendari kunaomba mambo makubwa: mafuriko, ugonjwa, fujo ao vita yenye dunia yote inaona. Lakini mbele ya kontra, kampuni ingali inapima kiwanja, feza, na jina lake litasimama karibu na nini. Pale ndipo neno la serikali, la wanunuzi wa matangazo ao la raia linaweza kusikiwa. Barua ya Kinshasa ilitumwa mu wakati huo, na kwa mwenye kuzungumuza kontra, si kwa mwenye kupiga kura ya mwisho.

Formula 1 ilijibu kwamba inafuata hali kwa karibu. Kalendari ya 2026 ilipotoka, ilikuwa na mbio 24 na jina jipya la Madrid. Inchi ya Afrika haikuwa hata moja.