Nuru Yenye Kupita Katika Mufupa wa Kichwa

Huku Maniema wazee wetu wanajua ugonjwa wa usingizi. Ili kujua kama ugonjwa umefika katika bongo, munganga alipaswa kuchoma sindano mugongoni na kutoa maji ya ndani. Bongo limefungwa katika mufupa kama vile feza katika sanduku. Basi tujiulize: lingetazamwa namna gani bila kufungua sanduku?

Jibu moja lilitoka katika nuru. Mwaka wa 1831, munganga Richard Bright wa London aliandika habari za mugonjwa mumoja ambaye kichwa chake kilijaa maji. Mushumaa ukiwekwa nyuma yake, mwanga ulionekana kupita katika kichwa. Mwaka wa 1977, Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha ya kwamba nuru moja iliyo jirani ya nyekundu, isiyoonekana kwa macho, inapita ngozi na mufupa. Tena inapambanua damu yenye oksijeni na damu yenye kuikosa. Pahali bongo linapofanya kazi, damu yenye oksijeni inaongezeka. Tangu mwaka wa 1993, wataalamu walianza kufuata kazi ya bongo kwa njia hiyo.

Chombo chenyewe ni kofia yenye taa ndogo. Mutoto anaivaa akiwa mikononi mwa mama. Kwa hiyo iliweza kufika hata kijiji cha Keneba, katika inchi ya Gambia. Habari zake zilichapishwa mwaka wa 2014. Nuru haiingii zaidi ya sentimita 2 au 3, lakini mufupa wa kichwa cha mutoto muchanga ni mwembamba.

Walakini tuangalie vema. Wakati wa ukoloni, Wazungu walipima vichwa vya watu wetu kwa vyuma, wakidai kujua akili kwa kipimo cha mufupa. Ulikuwa uwongo. Kofia hii inapima damu, haipimi thamani ya mutu. Tena ina kasoro: ngozi nyeusi na nywele nzito zinameza nuru. Mwaka wa 2020, waganga wa Marekani walionyesha ya kwamba chombo cha kupima oksijeni kidoleni, chenye kutumia nuru vilevile, kilishindwa kuona upungufu kwa wagonjwa weusi karibu mara 3 kuliko kwa weupe.

Basi tusikatae chombo, wala tusikipokee kwa macho yaliyofumbwa. Siku kitakapoletwa Kindu, tuulize kwanza: kilijaribiwa juu ya vichwa vya nani?