Mswaki wa Daktari Kirk: sumu ya mishale na umeme wa moyo

Karibu na mwaka 1860, msafara wa David Livingstone ukiwa huko mto Zambezi na mto Shire, daktari wa msafara huo alipiga mswaki akasikia uchungu mdomoni. Jina lake John Kirk, Mskoti, tabibu na mtaalamu wa mimea. Hakushtuka sana. Alidhani ni kwinini, maana mpini wa mswaki huohuo aliwahi kuutumia kuonjea dawa hiyo. Kumbe mswaki ulikuwa umekaa kwenye mfuko uliokuwa na chembechembe za sumu ya mishale aliyoipata kwa wawindaji wa maeneo yale. Wakati huo alikuwa na mafua na mapigo yake yalikuwa juu. Yakashuka hapohapo, na kesho yake akaamka mzima.

Ndivyo Livingstone anavyosimulia katika kitabu cha safari yao kilichotoka 1865. Mimi naona imetiwa chumvi kidogo. Mtu mafua yakimwachia, mapigo hushuka yenyewe, na sumu ile ukiimeza haipiti vizuri tumboni kwenda kwenye damu (tutaona baadaye kwa nini hilo ni muhimu). Lakini Kirk alikuwa daktari, na daktari akiona kitu kimegusa mapigo ya moyo, hakiachi hivihivi. Mmea uliotoa sumu hiyo, mtambaazi ambao wenyeji waliita kombe, ulifika Uingereza na kupewa jina la kisayansi Strophanthus kombe. Kirk mwenyewe alihamia Zanzibar mwaka 1866, akaja kuwa konseli wa Uingereza, na wengi wetu tunamkumbuka kwa mkataba wa 1873 aliousaini Sultani Barghash kufunga soko la watumwa. Habari ya mswaki haimo kwenye vitabu vya historia vya shule. Ingekuwemo, nadhani, kwa sababu kuanzia hapo kuna njia inayokwenda moja kwa moja hadi kwenye swali ambalo leo tunalijibu darasani kwa dakika tano: umeme wa moyo unatoka wapi?

Hebu tuanze na wenye sumu kwanza. Afrika Mashariki ina sumu mbili maarufu za mishale zinazofanya kazi kwa namna ileile. Moja ni hiyo kombe ya kusini. Nyingine inatoka kwenye mti unaoitwa kwa Kiswahili msunguti, Acokanthera, unaoota kuanzia Somalia hadi Tanzania. Wagiriama wanaiita sumu yake utsungu, neno ambalo mtu yeyote wa Pwani atalisikia kuwa ndugu wa "uchungu". Wakamba waliitumia, na Wawaata wa eneo la Tsavo waliitumia kuwaangusha tembo kwa upinde na mshale tu. Fikiria hilo: mnyama wa tani kadhaa, na jeraha dogo ambalo peke yake lisingemsumbua. Haanguki kwa kutokwa damu. Anaanguka kwa sababu moyo wake umepoteza mpangilio.

Na nyama yake inaliwa. Wawindaji hukata sehemu iliyozunguka mshale, inayobaki inakwenda jikoni. Hapa kuna elimu ya dawa iliyokamilika kabla ya maabara yoyote. Walijua kwamba kitu kilekile kinaua kikiingia kwenye damu na hakidhuru sana kikipita tumboni. Nchi zenye vyuo vikuu vikubwa zilikuja kulieleza jambo hilo kwa maneno mengine, baadaye sana.

Hata panya analijua. Kuna panya mkubwa wa milima ya huku kwetu, mwenye kishungi cha manyoya mgongoni, anayetafuna gome la msunguti na kujipaka mate yake kwenye manyoya maalumu ya ubavuni. Mbwa akimng'ata, mbwa ndiye anayeumwa au kufa. Utafiti huo ulitolewa 2011 na kundi la Jonathan Kingdon, mwanazuolojia aliyezaliwa Tanganyika. Naomba radhi kwa kuchepuka, lakini nisingeweza kumpita panya huyu bila kumsalimia.

Turudi Ulaya. Sampuli za kombe zilimfikia Thomas Fraser wa Edinburgh, na kuanzia miaka ya 1870 alizifanyia majaribio. Alipowapa vyura, aliona moyo wenyewe ndio unaoguswa: unajikaza, unazidi kujikaza, halafu unasimama ukiwa umekunja ngumi, wakati misuli mingine ya chura bado inaitikia. Aliona pia kwamba sumu hii inafanana tabia na digitalisi, dawa ya maua ya zambarau ambayo William Withering wa Birmingham aliiandikia kitabu mwaka 1785. Kufikia 1885 Fraser alikuwa anawaeleza madaktari wenzake kwamba inaweza kutumika kwa wagonjwa wa moyo. Mwaka 1888 Mfaransa Arnaud akatoa kiini cha sumu ya msunguti na kukiita uabaini, kutokana na neno la Kisomali waabaayo, yaani sumu ya mshale. Neno la wawindaji likaingia kwenye kemia. Majina yao hayakuingia. Katika simulizi inayorudiwa kila mara, Kirk yumo, Fraser yumo, Arnaud yumo. Aliyempa Kirk sumu na kumwambia ni ya kazi gani hayumo.

Wakati huohuo kundi jingine la watafiti, bila kufikiria sumu hata kidogo, lilikuwa linatafuta nyaya za moyo. Maana ilijulikana tangu zamani kwamba moyo wa mnyama ukitolewa nje ya mwili unaendelea kupiga kwa muda. Hausubiri amri ya ubongo. Sasa nani anaupigia ngoma?

Jan Purkinje aliona nyuzi za ajabu ndani ya moyo wa kondoo mwaka 1839 lakini hakujua ni za nini. Wilhelm His alielezea mwaka 1893 fungu jembamba la misuli linalounganisha vyumba vya juu na vya chini. Halafu Sunao Tawara, Mjapani aliyekuwa akisoma Marburg, Ujerumani, akafuatilia kipande kwa kipande chini ya hadubini na mwaka 1906 akatoa kitabu kilichoonyesha kuwa vitu hivyo vyote ni mti mmoja: kifundo kati ya vyumba vya juu na vya chini, shina, matawi, na zile nyuzi za Purkinje kama majani. Kwangu mimi hiyo ndiyo kazi bora kuliko zote katika historia hii, na ndiyo inayotajwa kwa haraka zaidi. Kilichobaki ni chanzo chenyewe. Kilipatikana kwenye moyo wa fuko, yule mnyama mchimbaji, na mwanafunzi wa udaktari aitwaye Martin Flack, aliyekuwa akifanya kazi nyumbani kwa Arthur Keith huko Kent. Keith na mkewe walikuwa wametoka kuendesha baiskeli. Waliporudi, Flack alikuwa na cha kuwaonyesha. Wakachapisha 1907.

Basi picha ikakamilika, nayo ni hii. Juu kulia mwa moyo kuna kifundo kidogo cha seli zinazojiwasha zenyewe, mara 60 hadi 100 kwa dakika mtu akiwa ametulia. Ishara inasambaa kwenye vyumba vya juu, vinajikaza na kusukuma damu chini. Inafika kwenye kifundo cha Tawara na hapo inacheleweshwa, karibu sehemu moja ya kumi ya sekunde. Ucheleweshaji huo si uvivu. Unavipa vyumba vya chini nafasi ya kujaa. Kisha ishara inateremka haraka kwenye shina la His na matawi yake, na vyumba vya chini vinajikaza kwa pamoja, kuanzia kwenye ncha kwenda juu, kama unavyokamua dawa ya meno kuanzia mkiani. Willem Einthoven wa Leiden alikuwa tayari ametengeneza chombo cha kuchora safari hiyo yote ukiwa umemfunga mtu waya mikononi na mguuni. Alipata Nobeli mwaka 1924.

Kuharibika kwake sasa kunaeleweka bila kukariri. Njia inaweza kuziba, vyumba vya juu vikapiga na vya chini visisikie. Seli ambazo si kazi yao zinaweza kujiwasha na kumpokonya kifundo kikuu uongozi. Au ishara inaweza kupata duara la kuzungukia, badala ya kufa mwisho wa safari ikarudi ilikotoka na kuanza upya. Duara hizo zikiwa nyingi kwenye vyumba vya chini, moyo haupigi tena, unatetemeka tu kama mfuko wa minyoo, na damu haiendi popote. John MacWilliam wa Aberdeen alisema mwaka 1889 kwamba hicho ndicho huenda kinawaua watu wengi wanaoanguka ghafla. Kwa miaka mingi hakusikilizwa.

Lakini mti wa nyaya si umeme. Ukijua nyaya za nyumba zinapita wapi hujajua bado nani anajaza betri. Na hapa ndipo sumu ya mshale inaporudi.

Kila seli ya moyo ni betri ndogo. Ndani kuna potasiamu nyingi na sodiamu kidogo, nje kinyume chake, na ikitulia ndani kunakuwa hasi kwa karibu milivolti 90. Ishara inapopita, milango inafunguka, sodiamu inaingia kwa kishindo, kalsiamu inafuata na kuukaza msuli, kisha potasiamu inatoka na chaji inarudi. Hiyo hutokea karibu mara 100,000 kwa siku. Ni wazi kwamba bila mtu wa kurudisha kila kitu mahali pake betri itaisha. Mtu huyo ni nani?

Mwaka 1953 Hans Schatzmann, Mswisi, aligundua kwamba dawa za jamii ya digitalisi na uabaini zinazuia seli nyekundu za damu kusukuma sodiamu na potasiamu. Mwaka 1957 Jens Skou wa Aarhus, Denmaki, akifanya kazi na neva za miguu ya kaa, alipata kimeng'enya kinachohitaji sodiamu na potasiamu kwa pamoja. Alishuku kuwa ndiyo pampu yenyewe lakini hakuwa na uthibitisho. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano Vienna, alimweleza Mmarekani Robert Post habari hiyo, na Post akamuuliza swali moja: je, uabaini inakizuia? Skou hakuwa amesoma kazi ya Schatzmann. Akapiga simu maabara kwake wajaribu. Jibu likaja: ndiyo, inakizuia.

Sumu ya kuangushia tembo ndiyo iliyotambulisha pampu. Ilifanya kazi kama ufunguo unaoingia kwenye kufuli moja tu. Pampu hiyo inatoa sodiamu tatu nje na kuingiza potasiamu mbili ndani kila inapozunguka, kwenye karibu kila seli ya mwili wako, sasa hivi unaposoma. Skou alipewa nusu ya Nobeli ya kemia mwaka 1997. Muongo uleule wa miaka ya 1950 alipokuwa na kaa wake, serikali ya kikoloni Kenya ilikuwa inaendesha kampeni Tsavo dhidi ya wawindaji, na Wawaata wengi walifungwa kwa kutumia upinde na sumu hiyohiyo. Sisemi tembo wasingelindwa. Nasema tu matukio hayo mawili hayajawahi kuwekwa kwenye ukurasa mmoja.

Sasa angalia kwa nini kitu kimoja kinatibu na kinaua. Ukizuia pampu kidogo, sodiamu inajaa ndani, na kwa sababu hiyo kalsiamu nayo inashindwa kutoka vizuri. Kalsiamu ikiwa nyingi, msuli unajikaza kwa nguvu zaidi, jambo zuri kwa moyo uliochoka. Dawa hizi pia huongeza ucheleweshaji kwenye kile kifundo cha Tawara, kwa hiyo vyumba vya juu vikiwa vinatetemeka ovyo, vya chini havibebeshwi fujo yote. Ongeza kidogo tu, na kalsiamu inafurika. Seli zinaanza kujiwasha bila kuitwa, huku njia ya kawaida imezibwa. Ni kama dereva anayekanyaga breki na mafuta kwa pamoja. Ndicho kilichompata tembo.

Umbali kati ya dozi ya tiba na dozi ya sumu ni mfupi mno, na digoksini, ndugu wa karibu wa uabaini, bado inatumika kwenye hospitali zetu, hasa kwa watu ambao homa ya baridi yabisi ya utotoni iliwaharibia vali za moyo. Utafiti mkubwa uliotoka 1997, mwaka uleule wa Nobeli ya Skou, ulifuatilia wagonjwa karibu 6,800 wa moyo kushindwa kazi. Digoksini ilipunguza kulazwa kwao hospitalini lakini haikupunguza vifo. Na kuna mtego: wagonjwa wengi wa aina hii hupewa pia dawa za kukojosha maji kama furosemaidi, ambazo hutoa potasiamu mwilini. Potasiamu na digoksini hugombea nafasi kwenye pampu ileile. Potasiamu ikishuka, dozi iliyokuwa salama wiki iliyopita inageuka kuwa mshale bila mtu kuongeza kidonge hata kimoja. Kichefuchefu, kukosa hamu ya kula, kuona vitu vina umanjano: hizo ni dalili za kumrudisha mgonjwa kwa daktari siku hiyohiyo, asisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Ndiyo maana muuguzi aliyefundishwa vizuri, kabla hajampa mgonjwa wake digoksini ya asubuhi, humsikiliza moyo dakika nzima akitazama saa. Yakiwa chini ya 60, kidonge kinarudi kwenye kopo na daktari anaitwa.